Vijinzi vya Lubisi na Miguu Iliyoishiwa Nguvu: Kweli au Si Kweli?

Kama umekulia Bukoba au Muleba, unavijua vijinzi vyenye macho mekundu vinavyozingira mtumbwi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Bila shaka umesikia pia habari za ukoo fulani ambao watu wake, wakifika utu uzima, misuli hunywea na miguu kukataa kubeba mwili. Hadithi ni nyingi. Tuzipime.

"Ndizi ikiiva kupita kiasi huzaa vijinzi."
Si kweli. Vinafuata harufu ya uchachu na kutaga mayai hapo. Penye joto la nyuzi 25, kizazi kipya huruka baada ya siku 10 hivi. 

"Usipofunika mtumbwi, vijinzi vitaharibu pombe."
Kweli. Hubeba bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki. Bibi aliyefunika kwa majani ya migomba hakuhitaji hadubini.

"Nzi hana la kutufundisha kuhusu mwili wa mtu."
Si kweli hata kidogo. Takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na magonjwa ya binadamu zina mfano wake kwa nzi huyu mdogo wa lubisi. Chukua ugonjwa wa neva za mwendo, unaonywesha misuli kama ya ukoo ule: huua neva zinazoamrisha misuli. Mwaka 2011 kiligunduliwa chanzo kikubwa cha aina ya kurithi: ndani ya jeni ya C9orf72, herufi sita za kinasaba hurudiwa hata mara mamia. Nzi hana jeni hiyo, basi watafiti humpandikizia marudio yenyewe. Kisha humtia yeye na wenzake wazima kwenye kichupa na kukigonga mezani. Wote huanguka chini. Nzi mzima hupanda ukuta papo hapo, ndiyo tabia yake. Mgonjwa hutapatapa pale pale. Kinachobaki ni kuhesabu waliovuka mstari. Utafiti wa neva kwa kutumia nzi umefundishwa hata Ishaka, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa kaskazini.

"Ni laana ya ukoo, watoto wote wataupata."
Si kweli, na mara mbili. Yapata wagonjwa 9 kati ya 10 hawana ndugu aliyewahi kuugua. Unaporithiwa, mara nyingi kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu kupokea jeni yenye hitilafu. Mchawi hahusiki.

"Miguu ikipooza, ulizia chakula."
Kweli, wakati mwingine, na hapa wazee wapewe heshima yao. Mwaka 1985 huko Tarime, upande wa pili wa ziwa, ukame uliwafanya watu wale mihogo michungu iliyoandaliwa harakaharaka. Sumu ya sianidi iliyobaki ndani yake ikaleta konzo: miguu hukakamaa ghafla, na haiponi. Konzo hairithiwi, kuloweka na kukausha mihogo ipasavyo huizuia.

"Dawa ikimfaa nzi, itamponya mtu."
Si kweli. Nzi huonyesha pa kuchimba tu. Baada yake kuna panya, kisha watu wenyewe. Hata dawa ya tofersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa wenye hitilafu ya jeni ya SOD1 pekee, na haiponyi.