Tuutibu Udongo Kabla ya Kujenga

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini uko ufa ambao kuuziba si dawa, nao ni ule utokao chini ya msingi.

Vilima vya Gwarama, na nyanda za Kibondo na Kasulu kwa jumla, vina udongo mwekundu unaobeba nyumba vizuri. Mabondeni, ambako maji huelekea mto Malagarasi, mambo ni mengine. Huko upo udongo mweusi ambao masika hunata na kunasa magurudumu, na kiangazi hupasuka. Chembe zake ni nyembamba kama karatasi zilizopangwa. Maji yakiingia kati yake huvimba, yakitoka husinyaa. Nyumba iliyosimama juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, mpaka kuta zipasuke.

Hasara hii humwangukia nani? Humwangukia mwananchi aliyefyatua matofali, akachota maji na kutoa mchango wake ili watoto wapate darasa. Ndiyo maana twaona jambo hili si la wahandisi peke yao.

Dawa ipo, nayo ni chokaa iliyochomwa. Ikichanganywa na udongo huo pamoja na maji, kwa muda wa saa au siku chache chembe hushikana zikawa punje, na udongo hupungua kunata na kuvimba. Kisha, kwa majuma na miezi, chokaa huungana na silika na alumina zilizomo udongoni, na kuzaa gundi iliyo ndugu ya ile ya saruji. Huko Texas, Marekani, barabara zilianza kutengenezwa hivyo miaka ya 1940. Na mwongozo wa barabara wa Wizara ya Ujenzi ya Tanzania wa mwaka 1999 unaitambua njia hiyo.

Kipimo cha kawaida ni asilimia 3 hadi 8 ya uzito wa udongo mkavu. Tuchukue sakafu ya darasa yenye mita 10 kwa 7, na udongo utibiwe kina cha sentimita 30. Kwa asilimia 5 itatakiwa chokaa ya tani moja na nusu na zaidi kidogo, yaani mifuko 63 ya kilo 25. Si kidogo, lakini mawe ya chokaa yapo Makere, Kasulu, wala hayasafiri kutoka pwani.

Taka za viwanda nazo zaweza kupunguza gharama. Majivu ya makapi ya miwa, ambayo viwanda vya sukari huyachoma ili kupata mvuke, na majivu ya pumba za mpunga, yana silika nyingi ambayo chokaa huitafuta. Lakini majivu hayo ni msaidizi wa chokaa, si badala yake. Na yakiunguzwa kwa moto mkali kupita kiasi hupoteza nguvu.

Hata hivyo twaonya. Udongo wenye chumvi za salfeti ukitiwa chokaa waweza kuvimba kuliko mwanzo, na wenye mboji nyingi huila chokaa bure. Chokaa huunguza macho na ngozi, basi wachanganyaji wajikinge. Aidha, kutibu sakafu hakuondoi haja ya msingi wenye kina, mifereji ya kupeleka maji mbali na ukuta, na kutopanda mikaratusi karibu na jengo.

Kwa hiyo twashauri jambo moja lililo wazi. Kabla mchango wa kwanza haujapokewa, halmashauri ipeleke fundi achimbe mashimo mawili matatu kiwanjani, na udongo upimwe. Ukionekana ni ule mweusi, kamati ya ujenzi ichague: ama kuhamia kilimani, ama kuweka gharama ya chokaa katika hesabu tangu mwanzo. Nguvu za wananchi ni mali, na mali haizikwi katika udongo usiojulikana.