Kliniki Tupu Si Ushahidi wa Uzima

Swali ni lile lile, na Mbegani, Kaole hadi Bagamoyo mjini linaulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi: wakati wa korona watu waliacha kwenda kliniki ya akili, mabenchi yakawa matupu, na mbona hawakurukwa na akili? Basi dawa zile za nini? Anayeuliza hivyo anadhani kwamba asiyeonekana hospitali haumwi, na dhana hiyo inaumiza watu hadi leo.

Dawa haitoki mwilini siku mgonjwa anapoiacha. Sindano ya flufenazini, anayochomwa mgonjwa wa skizofrenia takribani kila mwezi, imetengenezwa ikae ndani ya msuli na kutoka kidogo kidogo. Aliyeikosa Aprili anaweza kuonekana mzima Mei, hata Juni, kisha usingizi ukapotea na sauti zikarudi. Katikati ya hapo familia imekwisha kumfukiza, imemnywesha kombe, na sifa zote amepewa mganga. Huko ni kuvuna alichopanda mwingine. Sonona nayo huja kwa vipindi na kuondoka, kwa hiyo lolote lililofanywa kipindi kinapoisha litaitwa tiba. Ni kweli wapo walioacha dawa wakabaki salama, lakini hakuna awezaye kuwatambua mapema kwa kuwatazama usoni, ndiyo maana dozi hupunguzwa polepole, chini ya uangalizi. Na kifafa, ambacho kwetu hutibiwa katika kliniki hizo hizo, hakina subira kabisa: kuacha fenobabitoni ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo lisilokatika mpaka likaua. Mvuvi akishikwa nalo ndani ya ngalawa, bahari haimsubiri azinduke.

Wengine husema, “Sisi hatukufungiwa ndani, hayo ni ya Wazungu.” Kweli, hatukufungiwa kama wenzetu wa nchi nyingine. Lakini mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, kesho yake shule zikaagizwa kufungwa, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa Aprili, na mwisho wa mwezi huo takwimu za maambukizi zikakoma kutangazwa. Hofu ya kuambukizwa hospitali haihitaji amri ya serikali, na aliyepoteza kibarua cha hoteli hana nauli ya kliniki. Shirika la Afya Duniani lilipouliza nchi 130 katikati ya mwaka huo, asilimia 93 zilikiri kwamba huduma zao za afya ya akili zimevurugika. Shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2022 kwamba wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Uhitaji ulipanda huku milango ikifungwa. Wala wagonjwa wetu kukaa nje ya hospitali hakukuanza na korona: utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, dhidi ya asilimia 24 ya waliokwenda kliniki za kawaida. Anayehesabu mabenchi ya hospitali peke yake amewaacha wengi nje ya hesabu.

La kufanya ni hili. Aliyeacha dawa, hata miaka mitatu iliyopita, arudi; asianze mwenyewe dozi ya zamani, aulize kwanza. Likizuka janga lingine, omba dawa za miezi miwili au mitatu kwa mpigo, na ndugu mmoja azitunze. Dua na mganga mnaweza kuendelea navyo, mradi mgonjwa asipewe chochote cha kunywa asichokijua daktari na asiambiwe aache vidonge. Mwenye kifafa asiende baharini peke yake. Na mgonjwa akikosa usingizi siku mbili tatu mfululizo, mpelekeni hospitali ya wilaya asubuhi hiyo, msingoje apige mtu.