Kilwa Kisiwani: Tusiwapatanishe Wazee Kabla ya Kuwarekodi

Kijiji cha pwani kikiamua kuhifadhi historia yake, mara nyingi huanza na kikao. Wazee huitwa, wakazungumza, katibu akaandika, na mwishowe kikatoka kijitabu chenye habari moja iliyokubaliwa na wote. Nia ni njema kabisa. Lakini kwa mtafiti wa historia, kijitabu hicho kimeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kwani hakionyeshi nani alisema nini, alilijuaje, wala wapi wenzake walimkatalia. Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu za wanakijiji zihifadhiwe kwa sauti zao wenyewe, kila mtu kivyake, pamoja na tofauti zote zilizomo. Kilwa Kisiwani panatosha kuwa ushahidi.

Habari za asili ya usultani wa Kilwa zimetufikia kwa matoleo matatu. Mreno João de Barros alichapisha lake mwaka 1552. Lipo la Kiarabu, ambalo nakala yake iliandikwa Unguja mwaka 1877 na sasa imehifadhiwa London. Na lipo la Kiswahili, lililochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Yote yanamtaja mgeni kutoka Uajemi aliyekipata kisiwa kwa vitambaa, ila la Kiswahili linasimulia zaidi habari za wenyeji: linamtaja mzee wao, Mrimba, na linasema mgeni yule alimwoa binti yake. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa miaka ya 1960, alizisogeza mbele kwa takriban karne mbili tarehe ambazo masimulizi yanaupa utawala huo, na baadaye wataalamu wengi waliiona hadithi hiyo ya Washirazi, yaani wageni wa Uajemi, kuwa ni ya kutafutia heshima tu. Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, kuanzia Manda hadi Songo Mnara. Ilionekana kwamba watu hao walikuwa na nasaba ya Kiafrika iliyotoka zaidi kwa kina mama na ya Kiajemi iliyotoka zaidi kwa kina baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Vinasaba havithibitishi kwamba Mrimba aliishi. Vinaonyesha, hata hivyo, kwamba ndoa za namna ile zilikuwapo kweli. Kama wasimulizi wa zamani wangekalishwa chini wakubaliane habari moja, huenda binti wa Mrimba angekuwa wa kwanza kuachwa.

Wapo watakaosema kumbukumbu hudanganya. Ni kweli, na hata uongo wake una la kutufundisha. Mtaalamu wa Italia Alessandro Portelli aliwahoji wafanyakazi wa mji wa Terni juu ya mwenzao aliyeuawa na polisi mwaka 1949, akakuta wengi wamekisogeza kifo hicho hadi mwaka 1953, wakati wa migomo ya kupinga watu kuachishwa kazi. Kosa hilo lilimfunulia jinsi kifo kile kilivyowauma bila wao kupata nafasi ya kukijibu. Angelionaje kama mtu mwingine angekuwa ameshawasahihishia tarehe? Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mzee wa Kisiwani anayesimulia habari za Wareno huenda amezipata kwa waongoza watalii. Dawa yake ni namna ya kuuliza. Swali la "Ni kweli ngome ya Gereza ilijengwa na Wareno?" litajibiwa "ndiyo" na kila mtu. Aulizwe nani aliijenga, na yeye alisikia kwa nani. Mwaka nao usidaiwe kwa tarakimu. Bibi aulizwe kama jambo hilo lilitokea kabla ya Uhuru, au kama wakati wa Operesheni Vijiji mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshazaliwa.

Wengine husema Kilwa imeshaandikwa vya kutosha. Iliyoandikwa sana ni ya masultani na mawe yao. Magofu yameorodheshwa na UNESCO tangu mwaka 1981, yakawa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na mmomonyoko wa ufukwe ulikuwa mojawapo ya sababu. Wakazi wanaojua maji yalifika wapi zamani na mikoko ilisimama wapi wana ushahidi ambao mhifadhi hataupata mahali pengine. Au tuchukue ufundi wa kuchoma chokaa. Magogo hupangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa katikati. Lakini kuni zipi, na fundi anajuaje kwamba chokaa imeiva? Hayo huelezwa kwa mikono na macho kuliko kwa maneno, kwa hiyo fundi arekodiwe penye tanuri, si ofisini. Halikadhalika mwanamke anayesuka ukili: anajua ni mashamba gani yalikuwa na miyaa na nani aliyamiliki, na kikaoni haulizwi kabisa.

Kuhusu gharama, sauti ya maikrofoni moja katika ubora unaofaa kuhifadhiwa, yaani kiloherzi 48 na biti 24, huchukua takriban nusu gigabaiti kwa saa. Si mzigo. Kazi kubwa ni kuiandika neno kwa neno, na hapo lugha ya msemaji isisafishwe kuwa Kiswahili sanifu. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine iende wilayani, ya tatu Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Hofu ninayoiheshimu kuliko zote ni ya ugomvi. Masimulizi yanayopingana kuhusu mpaka wa shamba, au kuhusu ukoo upi ulitokana na watumwa, yanaweza kuchoma nyumba za leo. Ndiyo maana kila msemaji asikilizishwe alichosema kabla hakijawekwa hazina, na awe na haki ya kuagiza sehemu fulani ifungwe hadi mwaka atakaoutaja mwenyewe. Rekodi iliyofungwa itafunguliwa siku moja, ilhali maneno yaliyokatwa kikaoni ili watu wapatane hayapo tena pa kuyatafuta.