Meseji zinaenda ila kurasa zinagoma? Huenda shida si bando

WiFi imeshika vizuri. Meseji za WhatsApp zinaenda, YouTube inacheza. Lakini ukifungua tovuti ya benki, ukurasa unabaki mweupe. Ukipakia CV kwenye fomu ya maombi ya kazi, inaanza, inafika mahali, basi, imetulia hapo hapo mpaka muda unaisha.

Wengi hapo hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi, au ruta mpya. Subiri kwanza. Mtandao mzito huchelewesha kila kitu. Huu wako unapitisha vidogo na kukwamisha vikubwa, na hiyo ni dalili nyingine kabisa: ukubwa wa pakiti.

Kila unachotuma mtandaoni hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti. Njia nyingi hupokea pakiti isiyozidi baiti 1500, na kikomo hicho ndicho mafundi wanakiita MTU. Sasa, si kila sehemu ya njia ina nafasi hiyo. Faiba nyingi za nyumbani hutumia PPPoE, mfumo wa kuingia kwa jina na nywila, ambao wenyewe unakula baiti 8 na kukuachia 1492. Ukiwasha VPN, nayo inaifunga pakiti yako ndani ya bahasha yake, nafasi inapungua tena. WireGuard, kwa mfano, kwa kawaida hutumia 1420.

Chukulia ni barabara yenye daraja la chini. Bodaboda inapita, daladala inapita, lori la kontena halipiti. Kwa utaratibu uliowekwa tangu 1990, ruta iliyopo pale darajani inatakiwa imrudishie mtumaji ujumbe: punguza mzigo, mwisho wetu ni kiasi hiki. Ujumbe huo husafiri kwa ICMP, itifaki ile ile ya ping. Balaa ni kwamba baadhi ya wasimamizi wa mitandao hufunga ICMP yote kwenye fayawoli wakidhani wanazuia wadukuzi. Basi lori linatupwa, taarifa hairudi, na mtumaji anatuma lori lile lile tena na tena. Wewe unaona duara linazunguka tu.

Ndiyo maana muunganisho huanza vizuri: salamu za mwanzo kati ya simu na seva ni pakiti ndogo. Unakwama pale seva inapotuma cheti chake cha usalama, ambacho ni kizito. Na YouTube je? Huduma za Google hutumia sana QUIC, inayoanza na pakiti za baiti 1200 hivi, kwa hiyo zinapita chini ya daraja bila shida. Hii ndiyo inayochanganya watu: “Mbona YouTube inafanya kazi?”

Kama unatumia VPN, izime ujaribu tena. Ikikubali, umeshampata mchawi. Kama hutumii, chukua kompyuta iliyo kwenye WiFi hiyo hiyo. Kwenye Windows fungua cmd, andika:

ping -f -l 1472 1.1.1.1

Kwenye Linux ni:

ping -M do -s 1472 1.1.1.1

Amri hizi zinakataza pakiti isikatwe njiani. Tumeandika 1472 kwa sababu vichwa vya pakiti vinachukua baiti 28, jumla 1500. Ikigoma, shuka: 1464, 1440, 1400, mpaka ijibu. Namba kubwa kabisa iliyojibu, ongeza 28, hiyo ndiyo MTU ya njia yako.

Angalia pia inavyogoma. Ukiambiwa pakiti inahitaji kukatwa, angalau taarifa inarudi. Ukiona “Request timed out” kwa pakiti kubwa huku ndogo zinajibiwa, kuna mtu njiani anameza taarifa. Rudia kwa seva nyingine kabla ya kulaumu, maana zipo zisizojibu ping kubwa.

Dawa ni ndogo. Kwenye ruta, ingia mipangilio ya WAN, sehemu ya MTU, weka namba uliyoipata. Kwa PPPoE mara nyingi ni 1492. Kwenye app ya WireGuard, hariri muunganisho wako na uweke 1280, kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kwenye IPv6. Kasi itashuka kidogo sana, hutaiona. Ukipiga huduma kwa wateja, wape namba hiyo, la sivyo utaambiwa uzime ruta na kuiwasha.

Na kama wewe ndiye unayesimamia mtandao wa ofisi, usifunge ICMP yote. Ruhusu aina ya 3, kodi ya 4. Upande wa IPv6 ruhusu aina ya 2, na huko usifanye mzaha kabisa, kwa sababu ruta za njiani haziruhusiwi kukata pakiti hata kidogo.