Toleo jipya la VirtualBox na hatima ya kompyuta kuukuu Pwani Kusini

KAMPUNI ya Oracle ya Marekani ilipotoa toleo la 7.2 la programu yake ya VirtualBox mnamo Agosti 2025, habari hiyo haikugonga vichwa vya magazeti. Hata hivyo, kwa wenye hoteli ndogo za Diani, wenye saiba za Ukunda na walimu wa vyuo vya ufundi katika Kaunti ya Kwale, ilikuwa habari ya kutiliwa maanani.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10, mfumo wa uendeshaji uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kompyuta zilizoutumia hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikitolewa kila mwezi kuziba mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni huitumia kupenya. Mpango maalumu uliotangazwa kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha uliongeza mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026.

Kuhamia Windows 11 si jambo jepesi. Mfumo huo unadai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, kipande maalumu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa zilizo katika orodha ya Microsoft. Kwa jumla, kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha hiyo, hata zikiwa bado zafanya kazi bila kasoro.

Kwa hivyo mwenye kompyuta kuukuu hujikuta njia panda. Anaweza kuendelea kama zamani na kuiacha milango wazi. Anaweza kununua kompyuta mpya, kisha agundue kwamba programu yake ya hesabu ya miaka 15 iliyopita haikubali kufanya kazi humo. Njia ya tatu ni ile inayofunguliwa na programu za aina ya VirtualBox.

Mwenyeji na mgeni

VirtualBox huunda kompyuta ndani ya kompyuta. Hukata sehemu ya kumbukumbu ya mashine halisi, huazima nguvu za prosesa yake, na kutengeneza faili moja kubwa linalojifanya diski. Mfumo wa uendeshaji ukiwekwa humo huona diski, skrini na kadi ya mtandao, na hufanya kazi kana kwamba umepewa mashine yake wenyewe. Kompyuta ya aina hii huitwa kompyuta pepe.

Katika lugha ya wataalamu, mashine halisi ni mwenyeji na ile pepe ni mgeni. Majina hayo hayahitaji ufafanuzi mrefu katika eneo linalotegemea utalii. Mgeni wa hoteli hupewa chumba chake, kitanda chake na mlango wake. Hapewi funguo za ofisi ya mhasibu. Vivyo hivyo, kwa kawaida yanayotokea ndani ya kompyuta pepe hubakia humo, isipokuwa mwenyeji afungue mlango kwa hiari yake.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilikwisha kulitekeleza katika miaka ya 1960 kwenye mashine kubwa, ili watumiaji wengi waitumie kompyuta moja huku kila mmoja akijiona yuko peke yake. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ililileta wazo hilo katika kompyuta za mezani. VirtualBox yenyewe ilibuniwa na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, ambayo ilitoa toleo huria mwaka 2007. Mwaka uliofuata Innotek ilinunuliwa na Sun Microsystems, nayo Sun ikamezwa na Oracle mwaka 2010.

Kilichobadilika

Toleo la 7.2 limepanga upya dirisha la programu. Vitendakazi vilivyokuwa vimefichwa katika menyu ndogo sasa vimewekwa wazi, hatua itakayomfaa anayejifunza kwa mara ya kwanza. Aidha, uwezo wa kuiga diski za kasi za aina ya NVMe, ambao awali ulikuwa katika kifurushi cha ziada, umehamishiwa katika programu ya msingi iliyo huria.

Badiliko kubwa zaidi linahusu prosesa za Arm, ambazo kwa miaka mingi zilijulikana zaidi katika simu. Siku hizi zimo pia katika vipakatalishi vipya vya Windows. Toleo hili linaweza kusakinishwa katika vipakatalishi hivyo, na linaweza kumpokea mgeni wa Windows 11 aliyeundwa kwa ajili ya prosesa hizo.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho. Mgeni wa VirtualBox sharti awe wa jamii moja na prosesa ya mwenyeji. Mwenye hoteli aliyehifadhi Windows 7 katika kompyuta pepe, kisha akanunua kipakatalishi cha Arm kwa kuvutiwa na betri yake inayodumu, hataweza kumfungua mgeni huyo humo. Anayekusudia kuendesha programu za zamani na anunue mashine yenye prosesa ya kawaida ya Intel au AMD.

Mfano wa hoteli ndogo

Ichukuliwe hoteli yenye vyumba kumi kando ya barabara ya Diani. Kumbukumbu za wageni, malipo na madeni ya miaka mingi zimo katika programu iliyonunuliwa enzi za Windows 7. Aliyeiandika hapatikani tena. Kompyuta yenyewe ina Windows 10, na hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa kusoma baruapepe za wageni walioko ng'ambo.

Kuweka kompyuta pepe ya Windows 10 juu ya Windows 10 ile ile hakutatui lolote, kwa kuwa mwenyeji amebaki bila kinga. Utaratibu ulio salama ni kumbadilisha mwenyeji. Kompyuta huwekewa mfumo ambao bado unapata viraka, kwa mfano Linux, ambayo haina malipo na huzikubali mashine nyingi ambazo Windows 11 imezikataa. Mfumo wa zamani pamoja na programu ya hesabu huhamishiwa ndani ya kompyuta pepe, kisha kadi ya mtandao ya mgeni huyo huzimwa kabisa.

Matokeo yake ni kwamba baruapepe na intaneti hutumiwa kwa mwenyeji aliye na kinga, ilhali vitabu vya hesabu hufunguliwa katika chumba kisicho na dirisha la nje. Virusi vikija na baruapepe havina njia rahisi ya kufika huko. Ila tahadhari moja ni lazima: faili zote za kompyuta pepe zimo katika diski ya mwenyeji, na anayefanikiwa kumteka mwenyeji amemteka na mgeni.

Suala hili lina upande wa kisheria pia. Hoteli huhifadhi nambari za pasipoti, simu na anwani za watu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari kama hizo achukue hatua zifaazo za kuzilinda. Faini inayoweza kutozwa na Kamishna wa Data inafikia Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo. Kompyuta isiyopata viraka ni vigumu kuitetea mbele ya sheria hiyo.

Maabara ndani ya mashine moja

Faida nyingine ni ya elimu. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anayesomea mitandao huhitaji seva moja na angalau kompyuta mbili za kuunganishwa nayo. Kwa chuo kilicho na mashine chache, hilo humaanisha wanafunzi wengi kumzunguka mwenzao mmoja aliyeshika kipanya.

Kompyuta moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 inaweza kubeba seva hiyo na wateja wake wawili kwa pamoja, wakiunganishwa na mtandao wa ndani usiohitaji waya wala intaneti. Mwanafunzi anaweza kufuta faili muhimu, kukosea nywila au kuiharibu seva kabisa. VirtualBox ina uwezo wa kunasa hali ya mashine kwa wakati fulani, na baadaye kuirejesha katika hali hiyo kwa muda mfupi. Hivyo kosa huwa sehemu ya somo badala ya gharama kwa chuo.

Faili la usakinishaji la Linux huwa na gigabaiti kadhaa. Mwalimu wa Vanga au Kinango hana haja ya kulipakua mara 20 kwa ajili ya kompyuta 20. Hulipakua mara moja mahali penye intaneti ya kasi, akalibeba kwa flashi. La muhimu ni kulipata kutoka katika tovuti rasmi ya waundaji, kwa kuwa nakala za kuokotwa kwingine zinaweza kuwa na virusi.

Masharti yasiyoepukika

Kwanza, mgeni hula chakula cha mwenyeji. Kompyuta yenye gigabaiti 8 inaweza kumpa mgeni wa Windows 10 gigabaiti 4 na kubakiwa na za kujitosheleza. Yenye gigabaiti 4 inamfaa mgeni mwepesi tu, mathalani Windows 7 ya gigabaiti 1, tena mwenyeji akiwa Linux nyepesi. Yenye gigabaiti 2 haifai kwa kazi hii.

Pili, prosesa lazima iwe na uwezo wa kusaidia kompyuta pepe. Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2019, VirtualBox haifanyi kazi pasipo uwezo huo. Kompyuta nyingi zinao, lakini huwa umezimwa katika menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo haujaanza. Fundi anayejua kazi yake hulikagua hilo kabla ya kutangaza kwamba mashine imezeeka mno.

Tatu ni leseni. VirtualBox ya msingi ni huria, na hata biashara inaweza kuitumia bila malipo. Kifurushi chake cha ziada kiitwacho Extension Pack ni bure kwa matumizi ya kibinafsi na ya elimu pekee, na biashara inayokitumia hupaswa kukilipia. Windows iliyo ndani ya kompyuta pepe nayo yahitaji leseni yake. Leseni iliyonunuliwa pamoja na kompyuta kwa kawaida imefungamanishwa na mashine ile, na haihamishiwi kwa mgeni kiholela.

Asiyeridhika na VirtualBox ana hiari nyingine. VMware Workstation Pro, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya kulipiwa, ilifanywa kuwa ya bure kwa matumizi yote, ya kibiashara yakiwemo, mnamo Novemba 2024, mwaka mmoja baada ya VMware kununuliwa na Broadcom.

Nakala ya akiba

Kosa linaloweza kumgharimu mtu kila kitu ni kudhani kwamba kunasa hali ya mashine ni sawa na kuweka nakala ya akiba. Hali iliyonaswa hukaa katika diski ile ile. Diski ikifa, vyote hupotea pamoja.

Hatari hiyo si ya kufikirika katika ukanda huu. Hewa ya chumvi hula vyuma vya kompyuta, na umeme hukatika bila kubisha hodi. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani kwa saa nyingi. Mashine ikizimika ghafla huku mgeni akiandika katika diski yake, faili zake zaweza kuharibika. Betri ya akiba inayotoa hata dakika kumi humpa mtumiaji nafasi ya kumfunga mgeni taratibu.

Kwa upande mwingine, hapa ndipo kompyuta pepe inapoishinda ile halisi. Mgeni mzima, pamoja na mfumo, programu na hesabu zake zote, ni folda moja inayoweza kunakiliwa katika diski ya nje. Kompyuta ya hoteli ikiungua leo, folda hiyo hufunguliwa kesho katika kompyuta nyingine yenye VirtualBox na prosesa ya jamii ile ile. Diski ya nje isiachwe juu ya meza ya kompyuta. Iwekwe katika nyumba nyingine, na inakiliwe upya kila wiki.

Kwa aliye na toleo la zamani la VirtualBox, wageni wote wafungwe kabisa kabla ya kusakinisha la 7.2, wala wasiachwe katika hali ya kusimamishwa kwa muda. Wageni wa Arm waliosimamishwa katika toleo la 7.1 hawawezi kuendelea walipoachia katika la 7.2. Baada ya hapo, programu saidizi zilizo ndani ya mgeni, ziitwazo Guest Additions, zisasishwe pia.

Kwa anayeanza, busara ni kutoifuta kompyuta ya zamani siku ya kwanza. Programu ya hesabu ihamishiwe kwa mgeni katika mashine nyingine, itumike sambamba na ile ya zamani kwa mwezi mzima, na jumla za pande zote mbili zilinganishwe. Printa na mashine za risiti zijaribiwe mapema, maana vifaa vya zamani ndivyo hugoma kwanza. Hesabu zikilingana na risiti zikitoka, kompyuta ya zamani inaweza kuondolewa Windows 10 na kuanza maisha mapya ikiwa mwenyeji wa Linux.