Banki mama ikianguka, banki mtoto ya hapa inakuwaje?

Mwisho wa mwezi tunapanga mulongo ku banki, lakini wachache wanajiuliza: hii banki ni ya nani? Banki nyingi za hapa ni filiali, maana yake banki mtoto. Mama yake iko inchi ingine. Citibank ya Kinshasa, mama yake iko Marekani. EquityBCDC, mama yake iko Nairobi: Equity ilinunua BCDC mu 2020.

Faida ya banki mtoto inaweza kuharibika kwa njia mbili.

Ya kwanza inatoka kwa mama. Mu mwezi wa 9 mwaka 2008, Lehman Brothers ya Marekani ilianguka, banki kubwa zikaogopa kukopeshana. Mama akikosa feza, anamupunguzia mtoto mukopo ao anamuongezea bei. Mtoto naye anakopesha kidogo, faida inapunguka.

Njia ya pili inatoka hapa hapa, na njo inatugusa zaidi. Katikati ya 2008 tani moja ya shaba ilipita dola 8.000, mwisho wa mwaka ule ilikuwa chini ya 3.000. Hapa Katanga masosiete yalifunga, watu wengi walipoteza kazi. Mutu bila mushahara halipi deni, na deni lisilolipwa linakula faida ya banki. Swedbank ya Uswidi iliona vile kule Latvia. Mbele ya 2008 ilikopesha watu sana, mingi mu euro, na faida ilikuwa kubwa. Mu 2009 uchumi wa Latvia ulishuka karibu 14 kwa mia, na Swedbank ikafunga mwaka na hasara.

Wakati mwingine mtoto njo anabeba mama: mu 2012, Hispania ikiwa mu shida, Santander ilipata karibu robo ya faida yake Brazil.

Na sisi? Banki ikiona faida inashuka, inakataa kukopesha na inabana mwenye deni. Deni yetu iko mu dola, inakatwa ku mushahara. Bei ya shaba ikianguka, deni haishuki nayo. Basi mbele ya kutia sinyatire, tuulize: nikisimamishwa kazi, deni itasimama? Asiransi italipa? Imeandikwa wapi? Na madelege wa sendika wapeleke maswali haya kwa patro leo, mine ikingali inatumika. Siku ya kufunga mulango, hakuna atakayetusikiliza.