Chupa isiyo na jina chini ya sinki

Hebu nikuulize swali, msomaji. Ukiinama sasa hivi chini ya sinki la jikoni mwako, au uchungulie nyuma ya mlango wa bafu, utapata chupa ngapi za soda ambazo ndani yake hamna soda?

Katika nyumba nyingi za Nairobi hazikosi. Kuna mafuta ya taa yaliyobaki, kuna dawa ya kung'arisha nguo nyeupe iliyonunuliwa kwa kipimo, kuna thina aliyoiacha fundi wa rangi. Mara nyingine kuna kitu cheupe kama maji, chenye harufu ya kulevya, ambacho kila mtu nyumbani hukiita spiriti. Ni hicho cha mwisho ninachotaka tukizungumzie leo, kwa sababu jina hilo moja hubeba vitu viwili tofauti, na kimoja kinaweza kukuua kwa kiasi kisichojaza kikombe cha kahawa.

Vitu hivyo ni ethanoli na methanoli. Ethanoli ndiyo iliyomo katika bia, mvinyo na chang'aa. Methanoli ni kemikali ya viwandani na ya maabara. Zote mbili hazina rangi, huchanganyika na maji, hushika moto na hunukia karibu sawa. Mwanafunzi wa kemia wa shule ya upili atakwambia kwamba ethanoli ina atomu mbili za kaboni na methanoli ina moja. Tofauti ni hiyo tu kwenye karatasi. Ndani ya mwili ni jambo jingine kabisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipanga chumba Kawangware. Jirani yangu alikuwa fundi wa samani, mmoja wa wale wanaotengenezea na kuuzia vitanda na makochi kando ya Barabara ya Ngong. Alikuwa akinunua spiriti ya vanishi mjini, ikipimwa kutoka mtungi wa lita 20 usio na kibandiko, na kutiwa katika chupa yoyote aliyokwenda nayo. Alikuwa amemchukua mpwa wake kutoka mashambani ajifunze kazi baada ya kumaliza kidato cha nne. Kijana mtulivu, mpenda kandanda.

Jumamosi moja jioni kijana huyo na rafiki yake waliitia ile spiriti katika soda wakanywa. Spiriti si pombe tu? Walilewa kidogo, wakalala. Asubuhi waliamka salama, wakacheka, wakaja kusimulia uani sote tukisikia. Nami nilicheka pamoja nao, jambo ambalo hadi leo hunisumbua.

Mchana kijana alilalamika kuumwa na kichwa na tumbo. Alasiri aliuliza nani ameweka pazia dirishani, na dirisha lile halikuwa na pazia. Mjomba wake alidhani ni uchovu wa ulevi, akamnunulia supu, akamlaza. Mama wa yule rafiki, mwuzaji mboga, hakungoja. Alipoona mwanawe anapumua kwa kasi kama aliyekimbia, alimbeba kwa matatu hadi hospitalini usiku uleule. Huyo alipona na macho yake. Mpwa wa fundi alifikishwa Jumatatu. Aliokoka, lakini siku hizi anatembea na fimbo nyeupe.

Kwa nini asubuhi alikuwa mzima? Hapa ndipo methanoli inapowahadaa watu, na ningependa uisome sehemu hii polepole.

Methanoli yenyewe, ikiingia tumboni, hulevya tu, tena hafifu kuliko pombe ya kawaida. Sumu hutengenezwa na mwili wenyewe. Ini lina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunjavunja pombe. Kikikutana na methanoli, huigeuza kuwa formaldihaidi, ambayo ndiyo kiini cha ile fomalini inayohifadhia maiti. Kisha formaldihaidi hugeuka asidi ya fomiki, asidi ileile ambayo baadhi ya sisimizi hurusha wanapojihami. Asidi hii huzuia chembechembe za mwili kutumia oksijeni. Neva ya jicho haivumilii njaa ya oksijeni, kwa hivyo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kudhurika. Mgonjwa huona weupe weupe, kama mtu anayetazama barabara kupitia ukungu wa Limuru alfajiri.

Kazi hiyo ya ini huchukua muda. Mara nyingi dalili hujitokeza kati ya saa 12 na 24 baada ya kunywa, na hukawia zaidi iwapo mtu alikunywa pombe ya kawaida pamoja nayo. Saa hizo za kimya ndizo ambazo daktari anaweza kuzitumia kumwokoa mtu karibu kabisa, na ndizo ambazo familia nyingi huzipoteza zikinunua supu.

Hospitalini tiba ipo. Kuna dawa iitwayo fomepizoli inayokifunga kile kimeng'enya kisiiguse methanoli. Pale isipopatikana, madaktari hutumia ethanoli, kwa sababu ini huipenda ethanoli kuliko methanoli, na likishughulika na hiyo, methanoli hubaki ikitoka pole pole bila kugeuzwa sumu. Mgonjwa aliyezidiwa husafishwa damu kwa mashine. Lakini tafadhali, usisome haya ukaenda kumpa mgonjwa pombe kali nyumbani. Kipimo hicho huangaliwa kwa damu na kwa saa, na wengi wa wanaojaribu wenyewe huishia tu kuchelewa.

Kiasi gani hudhuru? Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kupofusha. Mililita 30 hivi zinaweza kumuua mtu mzima. Kwa mtoto, funda moja linatosha.

Nchi hii imelipa gharama kubwa kwa somo hili. Novemba 2000, kinywaji kilichoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi kumi, kiliua watu zaidi ya 130 Nairobi, wengi wao katika mitaa ya Mukuru, na wengine kadhaa wakapofuka. Mwaka 2005 takriban watu 50 walifariki sehemu za Machakos. Mei 2014 zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024 ilikuwa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Husemwa kila mara kwamba wapikaji ni wachafu, au kwamba chang'aa yenyewe ndiyo mbaya. Chang'aa ina maovu yake, lakini mahindi na sukari vikichacha hutoa methanoli kidogo mno, isiyoweza kuua halaiki. Vifo vya halaiki hutokea pale mtu anapochukua mtungi wa kemikali ya kiwandani na kuumimina ndani ya pombe, kwa kuwa ni rahisi na haitozwi ushuru wa pombe. Kwa maoni yangu, hilo haliitwi ajali.

Basi tuangalie inavyoshikwa na wanaoijua. Katika maabara ya kemia, kama zile za Chuo Kikuu cha Nairobi kule Chiromo, methanoli ni kitu cha kila siku. Huko humiminwa ndani ya kabati linalovuta mvuke nje, kwani mvuke wake ukivutwa kwa wingi hudhuru kama uliokunywa, na hata ngozi huifyonza. Mtu huvaa glavu na miwani. Chupa huwa na kibandiko chenye alama tatu ndani ya pembe nne nyekundu: mwali wa moto, fuvu la kichwa na umbo la mtu lenye nyota kifuani. Ukiziona hizo popote, hata Westlands kwenye duka la vifaa, usihitaji kuelezwa zaidi.

Na hakuna moto karibu. Mvuke wa methanoli hushika hata katika baridi ya nyuzi 12, yaani hata asubuhi ya Julai hapa Nairobi uko tayari kuwaka. Mwali wake ni wa buluu hafifu usioonekana juani. Mwaka 1981, katika mashindano ya magari ya Indianapolis 500 kule Marekani, dereva Rick Mears na mafundi wake walionekana wakirukaruka na kujipigapiga kama waliopagawa. Walikuwa wakiungua, na watazamaji hawakuuona moto.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kemikali za hatari ziwe na vibandiko. Lakini pita Barabara ya Kirinyaga au River Road uone jinsi vitu vinavyopimwa kwa faneli kuingia chupa za maji. Kinachotoka Chiromo kikiwa na fuvu hufika Kangemi kikiwa na picha ya chungwa.

Kuna imani mbili ambazo ningependa uzitupe leo. Ya kwanza ni kuwasha kiberiti ili kupima pombe: ethanoli nayo huwaka buluu, na mchanganyiko hauwezi kutofautishwa hivyo. Ya pili ni kuchemsha. Ni kweli methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7 na ethanoli kwa 78.4, ila zikishachanganyika hazitengani kwa sufuria ya jikoni. Kwa kweli hakuna kipimo cha nyumbani. Ni maabara pekee, kama ile ya Mkemia wa Serikali, inayoweza kusema.

Mtu akiinywa, mpeleke hospitalini papo hapo hata akiwa anacheka. Beba ile chupa, ndiyo itakayomwambia daktari anapambana na nini. Usimtapishe wala usimpe maziwa ukingoja. Ikimwagikia ngozi, vua nguo na uoshe kwa maji na sabuni. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi dakika 15 bila kukoma. Ukiwa fundi, fungua madirisha, weka jiko la makaa mbali, na uandike jina la kitu juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika.

Nilipomaliza kuandika haya niliinama chini ya sinki langu mwenyewe. Nilikuta chupa mbili. Moja ni mafuta ya taa. Ya pili, iliyokuwa ya maji ya kunywa, sijui ina nini, na mke wangu naye hajui. Nimeizungushia utepe kifunikoni, nikaandika SUMU kwa herufi kubwa, nikaipandisha juu ya kabati ambako mtoto wetu hafikii. Jumatatu nitamuuliza fundi aliyetupakia rangi mwaka jana.